Maneno ya Kufukuzia Nyani

Mtu akibisha hodi mlangoni kwangu siitikii karibu papo hapo. Nanyamaza kwanza, nasikiliza viatu vyake. Wajukuu wangu husema bibi ana maringo, anataka abishiwe hodi mara tatu kama mke wa gavana. Waache waseme. Wao wamezaliwa katika nyumba ambazo jirani akija kuomba chumvi hupitiliza hadi jikoni. Mimi nilijifunza kuuogopa mlango nikiwa kigori, katika nyumba yetu ya Kadutu, miaka ile mji wa Bukavu ulipokuwa mali ya Wabelgiji na sisi weusi tukikaa humo kwa ruhusa yao.

Ruhusa yenyewe ilikuwa ya baba. Alikuwa seremala, akitengeneza makabati ya nyumba za wazungu kule Nguba kando ya ziwa, na kwa sababu ya mikono yake mimi na mama tulihesabiwa kuwa watu wa mji. Asiyehesabiwa alifukuzwa. Na aliyemlaza asiyehesabiwa alifukuzwa pamoja naye, akapoteza kazi na nyumba siku hiyo hiyo. Tuliwahi kuiona familia moja ya barabara ya juu ikishuka na vyungu vyake kichwani, godoro limefungwa kwa kamba, na watu waliokuwa wakila nao jana wakitazama pembeni. Baba aliogopa jambo hilo kuliko alivyoogopa homa. Mikono yake haikutetemeka hata siku moja mbele ya msumeno, lakini mlango ukigongwa kijiko kilimtikisika.

Ndipo mjomba akaja.

Ilikuwa alasiri ya mvua. Mama alikuwa ametoka sokoni Nyawera, amelowa, na nyuma yake alikuja mwanamume mrefu, mwembamba, amebeba mzigo wa kuni kichwani kwa namna ya kuficha uso. Nilidhani ni mchukuzi. Alipoutua mzigo, mama alifunga mlango, kisha komeo, kisha akasogeza benchi mlangoni. Nikaona sikio la kushoto la yule mtu limekatika nusu.

"Huyu njo mujomba yako," mama aliniambia. "Usiseme na muntu. Hata masista ku masomo, usibaambie."

Mjomba nilimjua kwa masimulizi tu. Alikuwa kaka mkubwa wa mama, yeye ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufa. Alitoroka kijijini kabla sijazaliwa, akiikimbia kazi ya lazima ya kulima kwinini, akaenda kwa miguu hadi Uganda kwa Waingereza. Huko alikaa mpaka mama akaanza kumtaja kwa sauti ile ya kutajia marehemu. Sasa alikuwa amekaa kwenye kigoda chetu anakunywa uji, na kila akimeza koo lake lilipanda na kushuka.

Kutoroka peke yake kungempeleka gerezani. Lakini lilikuwapo jambo baya zaidi. Siku hizo wakubwa waliiogopa sana dini moja iliyopigwa marufuku, ambayo walisema inaletwa na watu wanaotoka kwenye nchi za Waingereza. Mtu mweusi aliyetoka huko bila karatasi, na Kiingereza mdomoni, hakuulizwa mengi. Alipelekwa mbali, kwenye kambi za huko kusini, na sisi tulijua majina ya walioenda, hatukujua jina la hata mmoja aliyerudi.

Mpango ulikuwa mwepesi. Baba alikuwa na rafiki, dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja, aliyepeleka mizigo Bunyakiri. Huko mbele kulikuwa na machimbo ambayo msimamizi wake alitazama mabega ya mtu, hakutazama buku lake, yaani kitabu cha ruhusa. Lori likija, mjomba angepanda. Kilichobaki ilikuwa kumficha chumba cha nyuma, nyuma ya pazia, mpaka lori lifike. Lakini mvua ile iliikata barabara, udongo ukashuka, na lori halikuja.

Nasema mpango ulikuwa mwepesi, lakini hapakuwa na mtu aliyemkumbuka mama na mikono yake.

Kwetu Bushi, nchi ya Washi, mgeni akilala nyumbani kwako, pombe ya ndizi, kasiksi, inapikwa, na majirani wa pande zote wanapata sehemu yao. Si hiari ya mtu. Mgeni akiugua ndani ya nyumba yako na majirani hawajaionja pombe yake, watasema ulikuwa unamnyima chakula sirini. Mama alikuwa ameyaona hayo tangu yuko mgongoni mwa mama yake. Kwa hiyo alipompata kaka yake aliyedhaniwa kafa, kichwa chake kilisema ficha, na mikono yake ikanunua ndizi mbivu. Akakamua, akachanganya na mtama uliosagwa, akafunika. Ilipochachuka akajaza vibuyu, akanipa nivigawe. Mimi nilivibeba kwa furaha, kwa kuwa kibuyu cha kasiksi kichwani mwa msichana ni heshima, na sikuwaza lolote. Mama naye hakuwaza. Hata mjomba aliyekuwa nyuma ya pazia hakuwaza. Naye alikuwa mtu wa kule kule.

Baba alirudi kazini jioni, akavua kofia, akanusa.

"Nasikia kasiksi," alisema.

"Ya mugeni," mama akajibu. "Yako iko pale."

"Na vibuyu bingine biko wapi?"

"Nilituma ku majirani."

"Majirani gani?"

"Bote."

Baba alikaa chini polepole. "Bote," alirudia. "Hata kwa polisi?"

Mama akaziba mdomo kwa kiganja.

Maana ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na wetu, alikaa polisi mmoja na mkewe. Yeye alikuwa mtu mkimya mwenye viatu vizito. Mkewe alikuwa mama wa Kirega kutoka Mwenga, mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliovuka mto, na hakuna kuku aliyepotea Kadutu asijue alipo. Kibuyu chao nilikuwa nimekipeleka mimi mwenyewe. Alikipokea kwa mikono miwili, akanitazama kidogo, akasema, "Asante ku mama. Iko furaha kwenu?" Nami nikajibu ndiyo.

Watu husema mdomo uliponza kichwa. Sisi kwetu hakuna aliyefungua mdomo. Kibuyu ndicho kilichozungumza. Tungepiga ngoma katikati ya barabara tusingetangaza vizuri zaidi.

Usiniulize nililala vipi. Siku iliyofuata nilikaa nasubiri viatu vizito, na kila kishindo barabarani kilinitoa jasho kwapani. Havikuja. Siku nyingine pia havikuja. Nadhani ingekuwa nafuu kama vingekuja. Polisi alipita asubuhi akienda kazini, akapita jioni akirudi, wala hakugeuza shingo kututazama, na mama akawa anaisoma shingo ile. Leo imekaa wima, anajua. Leo ameinamisha, anajua. Mkewe akisalimia kwa sauti, anajua. Akipita kimya, ndiyo zaidi. Vibuyu vyenyewe havikurudi hata kimoja, kutoka nyumba yoyote, nasi hatukuthubutu kwenda kuvidai.

Baba alijaribu kumwambia mjomba aondoke. Nilimwona. Alisimama mbele ya pazia, akakohoa, akasema, "Shemeji," akanyamaza, akasema mvua inanyesha sana mwaka huu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo wanavyosema. Baba hakuwa na jembe wala hakuwa na moyo wa kumpa. Alirudi akakaa, akachonga kipande cha ubao mpaka kikaisha.

Mchana nikisharudi kutoka shule, baba yuko Nguba na mama yuko uani, kazi yangu ilikuwa kukaa karibu na pazia, nachambua maharage, ili mtu akija anione mimi kwanza. Hapo ndipo mjomba alipoanza kunifundisha Kiingereza. Sikumwomba. Nadhani alikuwa anaoza kwa kunyamaza, na lugha ile ndiyo pekee aliyoweza kuisema bila kusema habari zake.

Kiingereza chake kilikuwa cha ajabu. Miaka yote ile Uganda alikuwa na kazi moja, kwa mzungu mmoja mwenye mashamba karibu na msitu: kufukuza. Alifukuza nyani kwenye mahindi, ndege kwenye mtama, nguruwe pori kwenye viazi, ng'ombe wa watu kwenye majani ya bwana, na watu wenyewe walipopita njia ya mkato. Kwa hiyo maneno yote aliyoyajua yalikuwa ya kufukuza, na aliyajua kwa mpangilio, kama baba alivyojua patasi zake.

"Sikiliza," alininong'oneza. "Ndege, unasema 'shuu'. Ile ni ya kustusha tu. Atarudi, weye pia unajua atarudi. Mbuzi, unasema 'gerauti'. Nyani, 'gowe', lakini kwa nguvu, na jiwe. Muntu mwenye anapita mu shamba, 'klia ofu'."

"Na hii yote iko maana moja?"

"Moja. Kufukuza. Bazungu bale banajua kufukuza, mutoto yangu. Banayo neno ya kila mugongo."

La mwisho lilikuwa 'saki', la kumfukuza mtu kazini. Hilo bwana alimwambia yeye mwenyewe, asubuhi moja, baada ya nyani kula mahindi ya upande mzima siku alipolala na homa. Nyani ndiye aliyemkata sikio, na kwa ajili ya nyani akapoteza kazi. Alipolisema neno hilo alicheka bila kutoa sauti, mabega yakitikisika. Mimi sikucheka.

Nilimuuliza kinyume cha maneno yale ni nini. Masista walitufundisha Kifaransa hivyo: neno na mwenzake, kisha neno na adui yake, nyeupe na nyeusi, panda na shuka. Mjomba alifikiri muda mrefu. Miaka yote ile, aliniambia, hakuna mtu aliyemwambia neno la upande huo. Kisha akakumbuka moja. Bibi wa yule mzungu alikuwa akisimama barazani, mgeni akija anamwambia 'kamini', yaani ingia ndani. Mvua ikinyesha aliliambia neno hilo hata paka.

"Na weye?" nikauliza.

"Miye nilisimama pale na fimbo yangu. Nililisikia."

Basi ukawa mchezo wetu. Yeye alinong'ona neno la kufukuza, lolote, nami nilipaswa kulipiga kwa adui yake. Alikuwa na maneno mengi, mimi nilikuwa na moja. 'Gowe'. 'Kamini'. 'Gerauti'. 'Kamini'. 'Saki'. 'Kamini'. Aliyekawia alishindwa. Wakati mwingine sauti ilinipanda kwa furaha, na mama huko uani akapiga sufuria kwa mwiko, pang, kutuziba. Maneno yale yangetosha kumpeleka kaka yake kusikorudika, na mwanawe anayaimba. Nilikuwa naogopa pia, nisidanganye. Kila nikitamka 'kamini' niliutazama mlango. Ila nilipenda mchezo ule kuliko michezo yote ya utoto wangu.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imekatika. Jua lilikuwa kali, matope yanatoa mvuke, na kila mtu alikuwa ametandaza nguo na muhogo nje. Baba alikuwa kazini. Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, mimi niko kwenye maharage yangu, tukasikia sauti ile ya mama wa Kirega inavuka barabara.

"Mama! Juu ya nini unaacha wazimu anaingia mu lupango yako? Haiko kuogopa? Umufukuze!"

Mchi ulimdondoka mama. Nilijua: ametuuza. Mama wa Kirega aliingia huo lupango wetu, yaani uani, bila hodi, mikono kiunoni, anafoka mpaka mate yanaruka, na alipofika karibu na mama akashusha sauti kabisa, uso ukiwa bado wa hasira.

"Bwana yangu anakuya na muzungu wa ijieni. Banaingia nyumba kwa nyumba, bako sasa ku nyumba ya pembeni yenu. Wageni bote bataombwa buku. Lakini wazimu, hakuna mwenye anamuomba buku. Munanisikia? Bote tutamufukuza. Mutoe."

Wazungu wa ijieni walikuwa wale wa afya, waliokuja kutafuta viluwiluwi vya mbu kwenye mitungi yetu. Walikuja na polisi kwa sababu walipenda kuhesabu pia vichwa.

Mama alisimama tu. Nadhani hakuwa na uwezo wa kusogea. Aliyesogea ni mjomba. Alikuwa amesikia yote nyuma ya pazia. Alivua shati, akalitupa kwenye benchi, akachota majivu jikoni akajipaka kifuani na kichwani. Alipita mbele yangu, macho yamemtoka, na niliona kwamba anaogopa kama sisi, pengine kuliko sisi. Kisha akainama, akaweka viganja chini, akatoka mlangoni kwa miguu minne.

Alitoka nyani. Sijui nitasemaje vinginevyo. Mtu aliyewafukuza miaka mingi alikuwa amewatazama vizuri: jinsi wanavyotupa mabega, wanavyokaa ghafla na kujikuna, wanavyobweka. Alibweka. Watoto wa barabara nzima walikimbia kuja. Mama wa Kirega aliokota bonge la udongo, akapiga kelele, "Fukuzeni! Fukuzeni wazimu!" akarusha, likaangukia mbali na mjomba kiasi cha mkeka.

Ndipo wakatoka. Nyumba ya kulia, nyumba ya kushoto, nyumba za ng'ambo, wote niliowapelekea kibuyu. Mzee asiyetembea bila mkongojo aliutupa mkongojo. "Toka!" "Ondoka!" "Kimbia!" "Rudi kwenu!" Maneno yote ya kufukuza tuliyo nayo, ya Kiswahili, ya Kishi, ya Kirega, yalikuwa hewani, pamoja na mawe na viatu na maganda, na hakuna kitu kilichomgusa. Mtu hakosei shabaha namna ile kwa bahati mbaya, wote pamoja. Sikulielewa hilo pale pale. Pale niliona watu wanampiga mawe mjomba wangu, nikajikojolea.

Mzungu alijitokeza kwenye kona, leso mkononi, na polisi wetu nyuma yake. Mzungu alisimama, akatazama, akacheka. Polisi hakucheka. Alimtazama mjomba. Akamtazama mkewe mwenye udongo mkononi. Akanitazama mimi mlangoni. Pombe ile alikuwa ameinywa, alijua ni ya nani, na mimi nilijua anajua.

Kisha polisi akapiga mguu chini. "Kimbia, nyani weye!" akanguruma, akainua rungu. Akapiga mguu tena, pale pale aliposimama, hakwenda mbele hata hatua.

Mjomba aligeuka kukimbia. Na hapo macho ya mzungu yakamfikia mama. Yeye peke yake alikuwa amesimama mikono mitupu, katika uwanja wake mwenyewe, haonyeshi hasira wala hofu ya wazimu, analia. Mama wa Kirega alimsukuma kwa kiwiko. Mama akainama, akaokota jiwe. Akafungua mdomo, na neno lililomtoka ni lile la kufukuzia mbwa, ambalo kwetu haliambiwi mtu, na kwa kaka aliyekulea halitajwi hata mbele yake. Akarusha.

Mama hakujua kurusha. Wengine walijua, kwa hiyo waliweza kukosa. Jiwe lake lilimpata mjomba katikati ya mgongo. Nilisikia lilivyolia. Akajikunja, akashika mkono nyuma, akakimbia kwa miguu miwili kama mtu, akapotea kwenye migomba ya bondeni.

Mzungu aliingia kwetu. Shati la mjomba lilikuwa bado kwenye benchi, nikalikalia na gauni langu lililolowa, naye akaona binti aliyeogopa wazimu. Alifunua mtungi, akachungulia, akasema maji ni safi. Polisi alisimama mlangoni na mgongo wake kwetu. Wakaenda nyumba ya pili.

Jioni ile ile vibuyu vilirudi. Vyote. Kwetu kibuyu cha kasiksi hakirudi kitupu. Kinarudi siku mgeni anaposafiri, kimetiwa posho yake ya njiani. Ndiyo maana havikuwa vimerudi, na hofu ilikuwa imetusahaulisha hilo. Walikuwa wanamngoja mgeni asafiri. Kimoja kilikuwa na unga wa mtama, kingine maharage yaliyokaangwa, kingine ndagala wakavu. Cha mama wa Kirega kilikuwa na chumvi iliyofungwa vizuri katika jani la mgomba, na chini ya chumvi kipande cha sabuni. Kila mmoja alisema, "Ya mugeni," akaondoka. Na mgeni hakuwapo. Alikuwa kwenye migomba huko, bila shati, na jiwe la dada yake mgongoni.

Mama aliviweka vile vyakula pembeni, hatukuvigusa. Baba alipoambiwa, alimwambia mama kwamba ameokoa nyumba. Mama akamjibu, "Nyamaza." Sijawahi kumsikia akimwambia baba hivyo kabla wala baada.

Lori lilikuja barabara ilipofunguka. Dereva alikuwa ametazama pale walipopatana na baba, hakuona mtu. Mama alimpa mzigo wote wa posho na shati lililofuliwa, akamwelekeza mtu mrefu, sikio nusu, akimwona popote njia ya Bunyakiri. Dereva alichukua kwa huruma tu, uso ulionyesha haamini.

Tangu siku ile mama hakushika jiwe. Kwa mpishi hilo si jambo dogo, maana mafiga ni mawe. Niliyapanga mimi kila asubuhi, nikayasogeza mimi moto ulipotaka kusogezwa, naye alisimama pembeni na chungu akingoja. Alikonda. Alikuwa akiulizia jambo moja, tena na tena, mara kwa baba, mara kwangu: je, alijua? Alijua kwamba tulikuwa tunamfukuza ili asikamatwe? Tulimwambia alijua, yeye ndiye aliyetoka kwa miguu minne. Akasema, "Ile ya bale bengine, ndiyo. Na ile yangu?" Neno lile na jiwe lile havikuwa na dalili ya mzaha. Kama ningekuwa mimi mwenye mgongo ule nisingejua.

Msimu wa mvua ulipita na kiangazi kikapita. Siku moja mchana tulisikia hodi, viatu vya malapa ya mpira wa gurudumu. Mama alinionyesha nikae kimya. Hodi ya pili, tukaijua sauti ya dereva, nikafungua. Aliingia na vumbi lake, akanywa maji kata nzima kabla ya kusema.

"Ule muntu yenu niko namuona. Anabeba mawe ku machimbo. Iko muzima, ananenepa. Vintu bilifika. Anawasalimu."

Mama alimsogelea. "Alisema nini? Sema yote."

"Hakusema mingi. Alisema nimuambie huyu mutoto neno moja." Dereva alinielekezea kidole, akakunja uso akilikumbuka. "'Kamini'. Njo vile. Alisema atalipeleka ku mama yake. Iko luga gani ile?"

Barabara nzima ilikuwa imemtamkia maneno ya kufukuza, na mama lake la mbwa juu yake, naye alikuwa amejibu kama tulivyozoea kujibizana kwenye pazia. Nikageuka kumweleza mama. Maana yake nini, na kwamba ndilo adui wa yale mengine yote, pamoja na lile alilolirusha na jiwe.

"Funga mulango kwanza," mama alisema.

Nikafunga, nikatia komeo. Akaniambia nilirudie, polepole, na kwa sauti ndogo. Nikalirudia. Alisikiliza ameinamisha kichwa, dereva akitutazama kama watu walioingiwa na kitu. Kisha mama aliingia jikoni, akainama, akasogeza figa kwa mkono wake mwenyewe, akateleka maji ya ugali wa mgeni.